Goli la Wakati wa Adhana

Mimi si mtu wa kushindwa vizuri, na sitaki kuanza kisa hiki kwa kujipamba. Mwaka wa kwanza chuoni, tulipofungwa fainali, niliupiga teke mlango wa chumba cha kubadilishia nguo mpaka bawaba ikang'oka, na baba akaitwa kuja kuutazama. Mwaka wa pili tulifungwa tena, na siku nne nzima sikusema na mtu, mama akawa ananiletea chakula chumbani akidhani naumwa. Kwa hiyo Machi ya mwaka 2014, tulipoingia fainali mara ya tatu na mimi nikiwa mwaka wa mwisho, wasiwasi wa watu wa nyumbani ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Dada yangu Jokha aliniambia asubuhi ile nikifunga begi, "Msellem, mkifungwa leo usije nyumbani. Tafuta hoteli."

Nilimjibu kuwa hatufungwi. Mimi ndiye kipa, nilikuwa na haki ya kusema hivyo.

Sisi ni watu wa Unguja tuliokaa Dubai tangu enzi ya babu. Nilizaliwa Bur Dubai, kwenye ghorofa moja la zamani nyuma ya maduka ya vitambaa, na mpira nilijifunza hapo hapo, kwenye kiwanja cha mchanga kilichokuwa ubavuni mwa msikiti. Kila Ijumaa alasiri tulicheza pale: Waunguja, Wapemba, Wamombasa, Wangazija wawili watatu, na yeyote aliyetokea na viatu vyake. Kiwanja kile hakikuwa na refa wala mistari, lakini kilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika. Adhana ikianza, kila mtu anasimama alipo, na mpira unakaa ulipo. Huongei. Unaitikia kimoyomoyo mpaka muadhini amalize, kisha mnakubaliana kama mnamalizia dakika mbili au mnakwenda kutawadha. Nimewahi kumwona mtu yuko peke yake na goli tupu, mguu umeshanyanyuka, akaushusha. Tulikua hivyo, na haikunijia akilini hata siku moja kuwa wapo watu wanaocheza mpira bila ya sheria hiyo.

Ligi ya vyuo ni mambo mengine. Kule kuna refa mwenye kadi, kuna nyasi, kuna ratiba, na mechi hupangwa mapema ili ziishe kabla ya Magharibi. Fainali yetu, iliyochezwa kule Silicon Oasis, pembezoni mwa mji, ilikuwa ianze saa kumi kamili. Mgeni rasmi akachelewa. Tukasimamishwa mstari juani mpaka saa kumi na dakika arubaini, ndipo gari lake likaingia, akatupa mkono mmoja mmoja, tukaanza. Hakuna aliyepiga hesabu dakika ya tisini itaangukia wapi.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu. Wenzetu walikuwa na mshambuliaji mmoja, Pius, kijana wa Bukoba aliyeletwa Dubai na chuo chake kwa ufadhili wa mpira: yeye anacheza, wao wanamsomesha. Nilikuwa namjua kwa jezi namba tisa na kwa mabao aliyowafunga wengine. Mbele yangu alikuwa Irshad, nahodha wetu, beki, mtoto wa Mombasa ambaye tulicheza naye mchangani Ijumaa zote za miaka mitatu. Irshad alimganda Pius kama kupe. Mimi niliokoa mipira mitatu ambayo mpaka leo nikiikumbuka najipenda. Dakika tisini zikaisha bila kwa bila, refa akaongeza tatu.

Katika dakika ya pili ya hizo tatu, timu yetu nzima ilikuwa imepanda kutafuta bao. Nyuma tulibaki wawili, mimi golini na Irshad pembeni kabisa karibu na mstari, mpira uko mguuni mwake. Hapo adhana ya Magharibi ikaanza kwenye msikiti wa jirani.

Irshad akasimama. Hakufikiri, mwili ndio uliosimama. Aliuacha mpira, akarudi hatua mbili, macho chini, na mpira ukajisogelea wenyewe polepole kuja katikati. Na mimi nikashusha mikono. Filimbi haikulia, lakini sisi wawili hatukuwa tunasikiliza filimbi.

Pius alikuja mbio akaufikia ule mpira mbele ya goli langu, naye akasimama. Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike. Alisimama, akanitazama, hatua kumi tu baina yetu, akaniuliza kwa Kiswahili na bila ya kelele, "Kaka, tunaendelea?"

Nilimsikia vizuri. Sikumjibu. Kwetu mtu hazungumzi adhana ikilia, na niliona mikono yangu iliyoning'inia ni jibu tosha kwa yeyote mwenye akili. Pius akageuka kumtazama refa. Refa alikuwa na filimbi mkononi, hakuipeleka mdomoni. Wenzake huko nyuma wakawa wanampigia kelele apige. Akapiga, tena bila ya nguvu. Mpira ukapita pembeni ya goti langu, nikawa nauangalia unavyoingia.

Refa akaonyesha kati. Tukaanzisha mpira, akapuliza filimbi ya mwisho. Moja bila.

Pius alikuja kwangu ameunyoosha mkono. Mimi wangu niliutia nyuma ya mgongo, na nikasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani, kuwa huyu mtu ameisikia adhana akaidharau, ameniona nimesimama akanicheka usoni. Hakucheka. Neno hilo nililiongeza mimi, papo hapo, kwa hasira tu, na liliponitoka nililiona tamu.

Maneno ya namna hiyo katika mji kama huu hayahitaji kusukumwa. Kabla ya Isha simu yangu ilikuwa imejaa. Asubuhi ya Jumamosi shangazi yangu wa Maskati alipiga kuuliza kama ni kweli yule kijana alicheza ngoma adhana ikilia. Kila aliyenipa pole nilimkatiza. Nilimwambia hatukufungwa, tumeibiwa, na pole yake akampe aliyefiwa.

Mchana wake Bwana Marhun, mkuu wa michezo wa chuo chetu, alituita mimi na Irshad ofisini. Ni mtu wa makamo, mpole, asiyependa fujo. Alitueleza mambo yalivyo. Kulalamika juu ya goli peke yake hakufai kitu, kwa sababu mpira unachezwa mpaka filimbi ilie. Lakini ikiwa mchezaji ameidharau adhana makusudi, hilo ni la nidhamu. Kamati ya ligi ikithibitisha, goli linafutwa, fainali inarudiwa, na mchezaji anafungiwa msimu mzima.

"Na akifungiwa, masomo yake?" aliuliza Irshad.

Bwana Marhun aliitazama kalamu yake. "Hilo ni la chuo chake. Lakini nijuavyo mimi, asiyecheza hawamsomeshi. Atarudi kwao." Kisha akanigeukia. "Mimi sikuwepo pale golini, Msellem. Wewe ulikuwepo. Kesho saa tisa kamati inakaa, na shahidi ni wewe. Utakwenda useme ulichokiona na ulichokisikia?"

Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, hata kabla hajamaliza. Irshad, kwa kuwa ndiye nahodha, akatia saini barua ya malalamiko. Fainali ya kurudiwa nilikuwa nimeshaicheza kichwani na tumeshashinda.

Nilirudi nyumbani baada ya Alasiri nikamkuta Pius amekaa kwenye kiti changu anakula mkate wa kumimina.

Mama yangu, Bi Ghania, hawezi kumuuliza mtu jina kabla hajamlisha. Kijana mrefu amebisha hodi, amesema shikamoo, ameulizia nyumba ya kipa kwa Kiswahili safi. Kwa mama hayo yalitosha kumwekea sahani. Jokha alikuwa amekaa pembeni ameikunja mikono. Yeye alikuwa amekuja uwanjani, alikuwa anajua vizuri ni nani huyu anayeongezwa chai.

Pius aliponiona akainuka. "Kaka Msellem, samahani kwa kuja bila taarifa. Nilielekezwa na vijana wa dukani hapo chini."

"Umekuja kuomba tuondoe malalamiko," nilimwambia.

"Hapana. Kulalamika ni haki yenu." Alikuwa anatafuta maneno, mkono bado umeshika kipande cha mkate. "Nimekuja kuuliza tu. Mimi kwetu nilipokulia hakuna msikiti karibu na uwanja. Na hapa mechi zetu zote zinaisha mapema. Nilipoona mmesimama nikajua kuna jambo, ndiyo maana nikakuuliza. Hukunijibu. Nikadhani ukinyamaza maana yake tuendelee. Sasa nimeambiwa nimetukana dini ya watu, na sijalala. Nilitaka uniambie ningefanya nini."

Mama aliiweka birika chini. "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, mama. Nilimwambia, kaka, tunaendelea?"

Jokha alinitazama. "Alikuuliza, Msellem?"

Ningeweza kusema hapana. Irshad alikuwa mbali kule pembeni, refa mbali zaidi, na kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kimejaza uwanja mzima. Maneno yale mawili yalisikiwa na mimi peke yangu. Lakini mama alikuwa ananitazama, na mama nikimdanganya anajua kabla sijafumba mdomo.

"Adhana ilikuwa inalia," nilisema. "Singeweza kuzungumza."

"Kweli," alisema mama. "Adhana ikilia hukuweza kuzungumza. Ilipomalizika mbona uliweza? Tena ukapiga kelele mpaka Maskati wakasikia."

Pius alimaliza chai yake kwa adabu, akashukuru, akaaga, na Jokha ndiye aliyemsindikiza mpaka stesheni ya metro. Mimi nilibaki nimekaa. Sitasema uongo kuwa nilijuta pale pale. Nilikasirika. Nilimkasirikia Pius kwa kuja, nikamkasirikia mama kwa kumlisha, nikamkasirikia hata yule mgeni rasmi na gari lake. Jokha aliporudi alisimama mlangoni akaniambia, "Amenambia yuko mwaka wa pili, anasomea uhandisi wa umeme. Bas, nimekwambia tu ujue." Akaingia chumbani kwake.

Jumapili saa tisa tulikuwa kwenye ukumbi mdogo wa kamati. Nje ya mlango kulikuwa na viti vinne vya plastiki, na kimoja alikuwa amekikalia Pius, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, na bahasha kubwa ya kaki imekaa mapajani. Ilikuwa imejaa karatasi mpaka haifungiki. Alitusalimia. Irshad aliitikia kwa kichwa, akanivuta kando, akaiweka sawa kola yangu.

"Leo ni wewe tu, ndugu yangu," aliniambia. "Sema vile ulivosema juzi, khalas. Mimi narudi Mombasa mwezi wa saba. Sijawahi kushika kombe mkononi hata mara moja."

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana Irshad nilikuwa nampenda kuliko ndugu, na Pius sikuwa nampenda kwa lolote.

Kamati walikuwa watatu. Aliyekuwa kati, mwenyekiti, ni mama mmoja aliyevaa miwani mikubwa, wote walimwita Madam Hala. Aliisoma barua ya chuo chetu, akaishusha, akaniuliza kwa Kiarabu kilichonyooka, "Hapa pameandikwa kuwa mchezaji alikucheka. Ulimwona akicheka?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu nililolizoea, nilishalisema mara hamsini kwenye simu. Ikanijia akilini ile bahasha ya kaki huko nje.

"La," nilisema. "Hakucheka."

Irshad akageuka kunitazama.

"Lakini alijua kuwa mmesimama kwa ajili ya adhana?"

"Hakujua. Aliusimamisha mpira akaniuliza kama tunaendelea. Nilimsikia, na sikumjibu."

Madam Hala alivua miwani. "Na siku ile ile, mbele ya watu, kwa nini hukusema hivi?"

Jibu lake lilikuwa jepesi na la aibu, na sikuwa na jingine. "Kwa sababu tulikuwa tumefungwa," nilisema.

Mmoja wa wale wajumbe aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa anaficha tabasamu. Bwana Marhun, aliyekaa kando ya ukuta, alishusha pumzi. Madam Hala alisema kuwa barua imetiwa saini na nahodha, kwa hiyo nahodha ndiye wa kusema kama chuo kinaendelea na malalamiko au kinayaondoa. Akaisukuma barua upande wa Irshad na kalamu juu yake.

Irshad aliiangalia barua ile muda mrefu. Masikio yalikuwa yamemwiva. Nilimjua, nilikuwa najua ananitukana moyoni kwa kila tusi lililopo kuanzia Mombasa mpaka Malindi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili, kama anazungumza na meza, "Mpira ulikuwa mguuni mwangu. Ni mimi nilouacha." Akaikata ile saini yake ya jana kwa mstari mmoja, akaandika chini yake kuwa tumeondoa, akaweka nyingine.

Tulipotoka nje, Pius aliinuka kabla mlango haujafunguka wote. Irshad alimpita bila ya kusema neno, akaenda kusimama dirishani. Nikabaki mimi na yeye.

"Mmetufunga," nilimwambia. "Moja bila. Goli halali, na nimewaambia kila kitu. Na lile la wewe kunicheka nililizua mimi. Unisamehe."

Alikaa chini. Bahasha ilimteleza, karatasi zikamwagika sakafuni, vyeti vya shule, barua za chuo, pasipoti. Niliinama tukawa tunaziokota pamoja.

"Jana nilimpigia mama simu," alisema, huku akizipanga. "Nilimwambia huenda nikarudi nyumbani, asiwaambie watu kwanza."

"Mpigie tena," nilisema. "Mpigie sasa hivi."

Akapiga. Alizungumza Kihaya, na mimi sikuelewa hata neno, ila nilisikia sauti ya yule mama upande wa pili ikipanda, ikinyamaza, kisha ikaanza kuuliza maswali mengi kwa mfululizo. Pius alijibu, akajibu tena, akanitazama, akajibu. Halafu akanipa simu. "Anataka kukusalimia," alisema, na kwa uso wake alikuwa anaona haya kidogo.

Irshad kule dirishani aligeuka kusikiliza. Bado alikuwa amenuna, lakini alikuwa ametusubiri, na mtu aliyekata tamaa na mwenzake hasubiri.

Niliiweka simu sikioni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, cha mtu anayechagua. "Wewe ndiye yule kipa?"

"Ndiye mimi."

"Pius ameniambia mmefungwa, tena dakika ya mwisho. Pole sana, mwanangu."

Pole hii sikuikatiza.

"Nishapoa, mama," nilimwambia.